Kutu Si Uchafu, Wacheni Kuipaka Silva

Hebu tuambiane ukweli, wana wa Mombasa. Ukifika Fort Jesus wasimama mbele ya mzinga, mkono kiunoni, picha tatu, chini waandika "historia". Ukitoka hapo hatua chache ukaingia Mji wa Kale, ukaona lango la chuma lililoliwa na kutu, wasema ati ni takataka, lipakwe silva. Bana! Chuma ni chuma. Tofauti ni kwamba kimoja kina tiketi mlangoni.

Nje ya ngome ile kuna mzinga wa Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoishia Rufiji mwaka 1915. Meli ilikwisha, lakini mzinga haukuuzwa kwa kilo. Kuna watu walioamua kwamba chuma kikuukuu kina la kusema. Na kile cha nyumbani kwa bibi yako je, nani atakiamulia?

Kisiwa hiki chala chuma. Hewa ina unyevu na chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Bawaba ya mlango, nondo za dirisha, bati la paa, nanga iliyotupwa ufuoni: kila kimoja kimepakwa na bahari yenyewe, hudhurungi hapa, chungwa pale, weusi kwenye kona. Hakuna filta ya simu itoayo rangi hizo, wallahi. Halafu waja na silva yako juu ya kutu, baada ya muda inabambuka, sasa ni ubaya juu ya ubaya.

Sisemi tuache nyumba zituangukie. Chuma kinachobeba roshani kikioza, kibadilishwe leo kabla hakijaua mtu. Nasema kile kinachotolewa kisikimbizwe kwa mnunuzi wa skrepu.

Cyrus Kabiru wa Nairobi aokota vitu vilivyotupwa, nyaya na vipande vya chuma, atengeneza miwani ya sanaa iliyoonyeshwa hadi ng'ambo. Na Nairobi haina hata bahari! Sisi twangoja nini?

Kwa hiyo kabla mkokoteni wa skrepu haujapita, toa kitu kimoja tu. Muulize babu kilikuwa cha nani. Kipige picha bila filta. Kipeleke kwa fundi wa kuchomelea akugeuzie taa, stuli, au kibao cha jina la nyumba. Kikishayeyushwa, hakuna atakayejua kilikuwa kikifungua mlango wa nani.