Anayeanza gitaa Migori na Homa Bay aanzie benga

Kijana wa Rongo au Mbita akipata gitaa lake la kwanza siku hizi, hukimbilia simu. Huko YouTube anamkuta mwalimu wa ng'ambo anayemwelekeza kubana kodi ya G, yaani nota kadhaa zikilia kwa pamoja, kisha ya C, kisha ya D, huku mkono wa kulia ukichapa nyuzi juu chini, juu chini. Baada ya muda anafika kwenye kodi ya F, inayodai kidole cha shahada kilalie nyuzi zote sita na kuzikandamiza kwa pamoja. Kwenye gitaa la bei nafuu, ambalo nyuzi zake zimeinuka mbali na shingo, hayo ni mateso matupu, na hapo ndipo magitaa mengi hutundikwa ukutani. Mwenye gitaa hujiambia kwamba hana kipaji. Mimi nasema alianzishwa vibaya. Katika kaunti za Migori na Homa Bay ipo njia iliyo bora kwa anayeanza, nayo ni kujifunza kwa sikio, kwa vipande vifupi vya benga, muziki wa gitaa wa Waluo, kando ya mtu anayejua kupiga.

Tuutazame kwanza mkono wa mpiga benga. Gitaa la solo halichapi kodi. Linadonoa nota moja moja, au mbili kwa pamoja, kwenye nyuzi nyembamba. Kipande kifupi kinarudiwa na kurudiwa, mara kimjibu mwimbaji, mara kimfuate neno kwa neno. Ridhimu nayo inasuka kipande chake katikati, na besi inarukaruka badala ya kujikokota chini. Kila kipande kikitolewa peke yake, mara nyingi si kigumu. Ugumu unakuja pale vinapokutana, na utamu pia. Kwa anayeanza hiyo ni neema, maana kipande cha nota tano au sita hakidai nguvu ya kiganja, kinadai vidole viwili na subira. Ncha za vidole zitauma kwa wiki kadhaa hadi ngozi ikomae, hilo halikwepeki. Lakini wakati zinauma, mwanafunzi tayari ana kitu mkononi ambacho jirani akikisikia dirishani atajua ni muziki gani.

Jirani atajua kwa sababu muziki huo ulikuwepo kabla ya gitaa. Benga iliyoibuka miaka ya 1960 ilihamishia kwenye gitaa uchezaji wa nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane, ambayo mpigaji wake huketi chini, mikono yote miwili ikidonoa, njuga zikilia mguuni na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga ubao wa ala. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 kule Shirati, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Migori, aliusambaza mtindo huo Afrika Mashariki yote akiwa na bendi yake ya Shirati Jazz hadi alipofariki mwaka 2006. Santuri za benga zilizouzwa na Oluoch Kanindo zilifika hadi Zimbabwe, ambako watu waliuita muziki wenyewe kwa jina lake. Mtoto aliyekulia Ndhiwa au Uriri ameusikia mdundo huu matangani, harusini, ndani ya matatu na redioni kabla hajaingia darasa la kwanza. Sikio lake limeshasoma. Vidole ndivyo vilivyobaki, na ni ajabu kumnyang'anya mtoto huyo elimu aliyo nayo ili aanze upya na wimbo wa watu asiowajua.

Historia ya gitaa katika eneo letu inaunga mkono hoja hii. Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga nchini Kongo, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alitumia kidole gumba na cha shahada tu, na kwa viwili hivyo akajaza nafasi ya wapigaji wawili. Muziki wake ulipoingia Kenya kwa santuri, na mwenyewe alipokuja Nairobi na kutangaza dawa ya Aspro, vijana hawakungoja karatasi za nota. Walisikiliza, wakatafuta nota kwenye shingo ya gitaa, wakarudisha sindano ya gramafoni, wakajaribu tena. Hata wageni walipotaka kuyajua magitaa haya walilazimika kupita njia ileile. John Low, Mwingereza aliyeandika historia ya gitaa la Kenya, alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kuketi na wapigaji wenyewe. Ian Eagleson, Mmarekani aliyekuja kufanya utafiti juu ya benga, aliishia kuunda bendi ya Extra Golden pamoja na mpiga benga Otieno Jagwasi. Kwenye nyatiti yenyewe, mwanamke wa Kijapani anayejulikana kama Anyango alikwenda Siaya kukaa na mzee aliyemfundisha, ingawa ala hiyo kwa desturi ilikuwa ya wanaume. Ikiwa hao walivuka bahari ili waketi karibu na mpigaji, sisi tulio hatua chache kutoka kwake tunakimbilia wapi?

Wapo watakaosema kwamba anayejifunza kwa sikio hukwama, kwamba hawezi kusoma nota, na kwamba sasa, wanafunzi wa Gredi ya 10 wanapoweza kuchagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, kusoma nota ni lazima. Kusoma kuna faida, wala sikupingi. Lakini mtoto huongea kwanza, ndipo akajifunza kuandika. Isitoshe, eneo hili halijakosa elimu ya kusoma muziki. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na kwaya zao zimelea vizazi vya watu wanaoimba sauti nne kwa do-re-mi. Makanisa mengi ya dhehebu hilo hayapendi magitaa, jambo ambalo silijadili hapa, ila mwimbaji wa sauti ya tatu anayehamia kwenye gitaa la ridhimu huwa amebeba nusu ya kazi kichwani.

Pingamizi la wazazi lina uzito zaidi. Wapiga gitaa wengi wanapatikana baa, usiku, na mzazi hataki binti au mwanawe akajifunzie huko. Ana haki. Inasimuliwa kwamba hata wazazi wa Misiani, watu wa dini, hawakulipenda gitaa lake. Ila suluhisho si kumfungia mtoto na simu. Suluhisho ni kumtoa fundi baa na kumleta mahali penye mwanga wa mchana. Kuna pia swali la nani anaachwa nje, maana Migori si ya Waluo peke yao. Wakuria wa Kehancha wana iritungu, ala yao kubwa yenye nyuzi nane, na mtoto wao aanze na kipande cha iritungu kwenye gitaa, kwa sababu ileile. Anayependa bongo fleva au nyimbo za injili naye atazifikia, akiwa tayari na vidole.

Simu yenyewe haina kosa, inatumiwa tu kinyume. Itumike kama gramafoni: mtu achague sekunde kumi za wimbo mmoja, apunguze kasi hadi nusu, auimbe ule mstari wa gitaa kwa mdomo hadi autoe bila kukosea, ndipo aguse uzi. Akikwama, amwendee mpigaji amwonyeshe kidole kinawekwa wapi. Hilo la mwisho hakuna video inayolifanya, kwa sababu video haioni mkono wako.

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na vyuo vya ufundi vya vijijini. Vyuo hivyo hufundisha ushonaji, uashi na umeme kwa mtindo uleule wa fundi na mwanagenzi. Wazee waliopiga benga enzi za santuri wanazidi kupungua, na wengi waliobaki hawana kazi ya kudumu. Magavana wa Migori na Homa Bay wawaajiri baadhi yao, saa chache kwa wiki, magitaa matatu kwa kila chuo: la solo, la ridhimu na la besi. Wafanye hivyo katika bajeti ijayo, wazee wakiwa bado na vidole vyepesi.