TUSIIFUNGE AYA KWA UZI USIOONEKANA

 

Ndugu Waislamu, umezuka mtindo wa kuisoma aya ya 7 ya Suratu Dhariyat, inayoitaja mbingu kwa sifa ya "hubuk", kisha kutangaza kwamba wanasayansi wamegundua nyuzi za ulimwengu, basi Qur'ani imethibitishwa. Tunauliza: wamezigundua lini, na wapi?

Mwaka 1976 mwanafizikia Tom Kibble wa London alionyesha kuwa ulimwengu mchanga, ulipokuwa ukipoa, ungeweza kubakiza nyuzi nyembamba kuliko kiini cha atomu na ndefu kuliko galaksi. Mwaka 2002 Saswat Sarangi na Henry Tye wakaeleza njia nyingine. Katika nadharia ya brani, yaani tando zilizomo katika vipimo vya ziada, utando na kinyume chake husogeleana huku ulimwengu ukitanuka kwa kasi kubwa mno. Zikigongana huangamizana, na nyuzi hubaki. Nyuzi za Kibble zikikutana hukatika na kubadilishana ncha karibu kila mara. Hizi za brani huweza kupitana tu.

Hayo yote ni hesabu. Hakuna uzi hata mmoja uliothibitika kuonekana.

Mwaka 2003 watafiti wa Urusi na Italia walitangaza CSL-1, taswira mbili za galaksi zilizofanana mno, wakadhani ni galaksi moja ambayo nuru yake imegawanywa na uzi. Januari 2006 darubini ya Hubble ikaonyesha kuwa ni galaksi mbili zilizo jirani. Watafiti wale wale wakayatangaza matokeo hayo bila kuficha. Satelaiti ya Planck nayo, mwaka 2013, haikuona athari ya nyuzi hizo.

Je, aliyekuwa ameifunga aya kwa CSL-1 angewaambia nini vijana wake siku ile? Mwanasayansi akikosea hufuta dhana yake. Mhubiri hawezi kuifuta aya. Kinachofutika ni imani ya waliomsikiliza.

Ibn Abbas (Allah amridhie) aliifasiri "hubuk" kuwa ni uzuri na umbo lililo sawa. Maana hiyo ilitosha kabla ya Kibble, na itatosha nyuzi zikionekana au zisipoonekana. Tuisome elimu ya mbingu kwa bidii, lakini dhana tuiite dhana. Kitabu cha Allah hakingojei ushahidi wa darubini.