Kabla ya kulipia sindano ya mgongo

Wiki iliyopita dada mmoja jirani yangu hapa Uingereza alinipigia simu usiku akiwa kazini. Anahudumia wazee, na huu ni mwaka wa tatu kiuno hakimpi raha. Kliniki moja ya kulipia imemwambia diski yake ya chini imechakaa, na itamdunga humo majimaji yaliyochujwa kutoka kwenye damu yake mwenyewe. Hakuna kisu, asubuhi anaingia, mchana yuko nyumbani. Zamu yake ya upatu ilikuwa mwezi huu, akataka nimwambie pesa yote iende huko.

Nikamuuliza: maumivu yanaishia kiunoni au yanashuka mguuni? Yanaishia kiunoni.

Yanayoshuka hadi chini ya goti, pamoja na ganzi, mara nyingi ni diski iliyochomoza ikabana mshipa wa fahamu. Mengi hutulia yenyewe baada ya wiki au miezi, na yakikataa, kuondoa kipande kinachobana kwa kupitia tundu dogo ni upasuaji uliozoeleka. Kwa kiuno peke yake, diski iliyochakaa kwenye picha ya MRI haitoshi kuwa ushahidi. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ulikuta diski zilizochakaa kwa watu 68 kati ya 100 wenye miaka 40. Dada ana 43.

Mwongozo wa taasisi ya NICE wa 2016, unaotumika hospitali za serikali hapa England, unasema mwenye maumivu ya kiuno tu asidungwe sindano za uti wa mgongo. Unaruhusu kuchoma kwa joto neva za viungo vidogo vya nyuma ya pingili, tena tiba nyingine zikishashindwa na sindano ya ganzi ya majaribio ikileta nafuu. Hiyo haitibu diski. Marekani waliruhusu mwaka 2016 kuchoma neva iliyo ndani ya mfupa wa pingili, kwa wale ambao MRI inaonyesha mabadiliko kwenye mfupa unaopakana na diski. Hiyo walau inachagua mtu wake. Majimaji ya damu bado yanatafutiwa ushahidi, na vijidudu vikiingia kwenye diski, ambako damu haifiki vizuri, ni wiki nyingi za dawa.

Nikamwambia awaulize: mmejuaje ni diski? Nisipopona, kinachofuata ni nini, na nani atalipa? Halafu akakiri kwamba fiziotherapia alikwenda mara mbili tu, na kwamba usiku anainua wazee peke yake bila mashine. (Hili la pili alipaswa kuliripoti zamani.)

Ganzi sehemu za siri, mkojo kukataa au kutoka bila kujua, miguu yote miwili kulegea: nenda hospitali saa hiyohiyo, usinipigie mimi.

Upatu ameupokea Jumamosi. Kliniki hajawajibu bado. Alhamisi ana fiziotherapia saa nne asubuhi, akitokea zamu ya usiku.