MITA IWE MIZANI, ISIWE MTEGO

Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ilimpa mwananchi wa Kenya haki kubwa. Mwenye mtambo wake wa jua, upepo au maji, usiozidi megawati 1, aweza kuomba mkataba wa kuingiza stima yake katika nyaya za taifa na kuhesabiwa. Kanuni za kuitimiza haki hiyo zilitoka mwaka 2024. Miaka mitano haki ililala katika karatasi!

Wengi hawajaambiwa kanuni zenyewe zasema nini. Mita ya kawaida huhesabu stima iingiayo nyumbani tu. Mita mpya huhesabu iingiayo na itokayo. Mchana paneli zikizidisha, stima huenda kwa jirani. Usiku mwenye nyumba huchukua ya taifa. Lakini kila yuniti 1 aliyoitoa huhesabiwa nusu.

Je, nusu hiyo ni haki? Hatusemi kuwa ni wizi. Nguzo, nyaya na transfoma zina gharama, na mwenye paneli huzitegemea kila usiku. Asipozilipia yeye, zitalipiwa na mama mwenye taa mbili, anunuaye tokeni kidogo kidogo. Tena nchi hii huhitaji stima nyingi zaidi jioni, jua likiwa limekwisha kutua. Yuniti ya adhuhuri si sawa na ya saa mbili usiku.

Lakini jirani aliyeipokea yuniti ile, je, ameuziwa kwa nusu bei? La! Amelipa bei kamili, na stima yenyewe haikutoka mbali Olkaria, imevuka ua tu. Basi hesabu ya nusu ile iwekwe wazi mbele ya wananchi.

Tutazame wenzetu. Ujerumani ilianza mwaka 2000 kuwahakikishia wenye paneli bei kwa miaka 20. Paneli zikawa nyingi hata saa nyingine za mchana bei ya stima sokoni hushuka chini ya sifuri. Sheria ya Februari 2025 ikaamuru kwamba mitambo mingi mipya isilipwe saa hizo, na mita ziandikazo saa ndizo zitumikazo katika hesabu. Nasi twasema: mita ijuayo saa isitumiwe kumpunja mtu mchana tu, imlipe zaidi anayehifadhi stima katika betri na kuitoa jioni.

Twadai mambo matatu. Kwanza, mwombaji aambiwe gharama ya mita kabla hajatia sahihi. Pili, kila mteja asome mwenyewe hesabu ya mita yake, na mita ikishukiwa ipimwe na mtu asiye muuzaji. Tatu, vyama vya ushirika na shule vipewe nafasi, jambo hili lisiwe la wenye mapaa makubwa tu.

Ndugu wanachama, zisomeni kanuni katika matawi yenu, na maswali yenu yapelekeni kwa maandishi kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli. Anayenyamaza sokoni hupimiwa apendavyo mwenye mizani.