Aliyechoka kutafuta kazi hayumo kwenye hesabu!

Jumapili nusura nivunje kijiwe.

Tulikuwa tunapata kahawa na kashata, jamaa mmoja akaanza kuimwagia sifa Marekani. Eti kule ukimwona mwanaume hana kazi ujue kapenda mwenyewe, maana asilimia ya wasio na kazi ni ndogo mno. Nikamwuliza, "Kaka, hao wasio na kazi wanahesabiwaje?" Kimya.

Basi sikia. Kule, ili uhesabiwe kuwa huna kazi, haitoshi kukaa bure. Kwa kawaida lazima uwe umeitafuta ndani ya wiki nne zilizopita. Ukichoka ukaacha, unatolewa kwenye fungu hilo. Kazi huna, na kwenye asilimia ile humo.

Hapo nikakumbuka yaliyonikuta mimi. Niliwahi kupunguzwa kazini. Miezi mitano nilizunguka na bahasha ya kaki mpaka soli ya kiatu ikatoboka. Mlinzi wa ofisi moja alinizoea, akawa ananiambia "bosi hayupo" hata sijamsalimia. Mwezi wa sita nikakata tamaa. Asubuhi navaa shati, nachomekea, namwaga mama, kumbe safari inaishia kijiweni. Mama alijua, ila alininyamazia.

Kwa hesabu ile, mwezi wa tano nilikuwa tatizo la taifa. Nilipoacha kutafuta, tatizo likaisha! Na mfukoni sina hata nauli ya daladala.

Ndiyo maana wachumi wengi hawaishii kwenye asilimia hiyo. Wanauliza swali jingine: kati ya wanaume 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 54, wangapi wana kazi? Chini ya hapo wengi bado wako shule, juu ya hapo wengine wameanza kustaafu. Na akina dada msininunie, kazi zenu zina uzito uleule. Ila kule Marekani, wanawake waliingia kwa wingi kwenye ajira kuanzia miaka ya 1950, kwa hiyo ukilinganisha zamani na sasa mstari wao unapanda kwa sababu nyingine kabisa. Wa wanaume ni rahisi kuusoma.

Sasa usome. Desemba 2007 wasio na kazi Marekani walikuwa asilimia 5. Uchumi ukaanguka, Oktoba 2009 wakafika asilimia 10. Desemba 2015 wakarudi palepale, asilimia 5. Ukiishia hapo utasema mgonjwa kapona. Lakini kati ya wanaume 100 wa umri ule, mwaka 2007 waliokuwa na kazi walikuwa kama 87, na mwaka 2015 walikuwa kama 85. Usidharau hao wawili. Kwa nchi kubwa vile ni zaidi ya wanaume milioni 1. Na enzi za miaka ya 1950 walikuwa wanapita 90!

Walienda wapi? Wengine viwanda vyao vilifungwa, wengine wako masomoni au wanalea. Wengi ni wagonjwa. Mwaka 2017 mchumi Alan Krueger alionyesha kwamba karibu nusu ya wanaume wa umri huo walio nje ya soko la ajira wanameza dawa za maumivu kila siku. Huyo utasema kapenda mwenyewe?

Hata kipimo hiki kina tundu lake. Ukifanya kazi ya malipo saa moja tu kwa wiki, umehesabiwa una kazi. Lakini angalau aliyekata tamaa hakimfichi.

Jamaa wa Marekani alinywa kahawa yake yote bila neno. Aliyenijibu ni mshikaji mwingine, yule anayekaa mwisho wa benchi, kila siku kachomekea. "Kwa hiyo bro, mimi ningekuwa kule nisingehesabiwa?" Nikamwambia, "Kwenye hesabu ya wasio na kazi, usingekuwemo." Akacheka, kisha akainama kuangalia viatu vyake.

Miezi yote hiyo tunakaa naye, na sikuwahi kumwuliza. Jumatatu nilimpitia kwao, tukaenda wote mjini na bahasha yake. Majibu bado. Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.