Zanzibar na siasa za kususiana
Baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, wapo watu Pemba waliokataa kuuziana bidhaa, hata kuzikana, kwa sababu ya chama. Hilo halikuwa geni: mwishoni mwa miaka ya 1950 wafuasi wa vyama vya ASP na ZNP walisusiana maduka na mazishi vivyo hivyo, na Juni 1961 ghasia za uchaguzi zikaua watu 68. Wapo wanaosema tatizo ni dhuluma ya kura, si ushabiki. Dhuluma ipo, na kuinyamazia ni kosa kubwa. Lakini ushabiki ndio unaoilinda, maana kila upande huhesabu maiti wake tu. Wanaoadhimisha mapinduzi ya Januari 1964 hawataki kusikia habari za waliouawa siku zile. Wanaowalilia hao hawataki kusikia unyonge uliotangulia mapinduzi. Ndiyo maana, licha ya asilimia 66.4 kuridhia serikali ya umoja katika kura ya maoni ya Julai 2010, matokeo ya uchaguzi wa 2015 yalipofutwa watu walirudi upesi kwenye kambi zao. Tuwafundishe watoto wetu 1961, 1964 na mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001 kwa pamoja, bila kuruka mwaka hata mmoja.