Mgonjwa abaki nyumbani, lakini ale nini?

Katika komini ya Makiso, katikati ya Kisangani, homa na maumivu ya viungo huitwa malaria kabla ya kupimwa. Mara nyingi ni malaria kweli. Lakini mafua makali nayo huanza vivyo hivyo, na dawa za malaria hazisaidii, wala antibiotiki, kwa kuwa yanaletwa na virusi. Wengi hupona ndani ya wiki moja, ingawa kikohozi na uchovu huchelewa kuondoka.

Wiki hiyo nani anailipa?

Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mfanyakazi mgonjwa theluthi mbili za mshahara wake. Ni haki nzuri kwa mwenye mkataba. Mwendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, na mama anayeuza sokoni hawana mkataba. Wasipotoka, hawapati hata faranga moja. Basi hutoka na homa yao na kuwaambukiza abiria na wateja, maana siku za mwanzo ndizo virusi huenea zaidi.

Viongozi wa jimbo la Tshopo na vyama vya wachuuzi waanzishe mfuko wa kuwasaidia wagonjwa. Waajiri nao wasimwite mtu kazini kabla homa haijashuka.